Mzee wangu, usimkataze kijana chuo cha DO

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mzazi aliyeandika kwenye ukurasa huu kwamba kijana wake amepata nafasi ya kusomea udaktari huku Marekani, kwenye chuo cha osteopathia, kinachotoa shahada ya udaktari iitwayo DO badala ya ile ya MD iliyozoeleka, naye amemwagiza aikatae, asubiri mwaka mwingine apate "udaktari wa kweli". Mzee wangu, shikamoo. Mimi ni wa rika la kijana wako, pengine nimemzidi kidogo. Barua ya kukubaliwa kama yake ninayo, na maneno kama yako nimeyasikia mezani kwetu tangu Desemba.

Nafanya kazi zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa St. Louis, Missouri, huu mwaka wa sita. Nageuza wagonjwa, naogesha, nalisha, napima presha. Shahada ya baiolojia niliimaliza nikiwa kwenye zamu hizo hizo, nikafanya MCAT, mtihani wa kuingilia vyuo vya udaktari, mara mbili, kisha nikaomba vyuo vya MD na vya DO kwa pamoja. Vya MD vyote vilinikatalia. Vya DO viwili vilinikubali: kimoja kipya, ambacho jina lake naliacha, na kingine ni kile cha Kirksville, kaskazini mwa jimbo hili hili, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha A.T. Still.

Baba mdogo aliisoma barua mara mbili, akavua miwani, akauliza, "DO ndiyo nini? Si wale wa kukanda migongo?" Akasema nisubiri. Baba mdogo ndiye aliyenilea, na neno lake kwangu ni zito. Wiki tatu nilishindwa kumjibu.

Swali lake lina asili yake, na lako pia. Ukienda Uingereza au Ufaransa, mtu anayeitwa osteopathi si daktari wa tiba, ni mtaalamu wa kutibu kwa mikono tu. Marekani ni habari nyingine. Huku DO anasoma miaka minne ya udaktari, anaingia mafunzo ya ubingwa, anaandika dawa, anapasua, na anapewa leseni kamili katika majimbo yote 50. Kinachoongezeka ni saa zipatazo 200 za kujifunza kuchunguza na kutibu mifupa, misuli na viungo kwa mikono. Trump alipougua korona mwaka 2020, daktari wa Ikulu aliyekuwa akitoka kuwahutubia waandishi, Sean Conley, ni DO. Kevin O'Connor, aliyekuwa daktari wa Biden alipokuwa rais, naye ni DO.

Kuna kisa cha California ambacho ndicho kilichomfanya baba mdogo anyamaze. Mwaka 1962 madaktari wa DO zaidi ya 2,000 wa jimbo lile walihudhuria semina fupi, wakalipa dola 65, wakakabidhiwa hati ya MD. Watu walewale, mikono ileile, wagonjwa walewale wa wiki iliyopita. Kama herufi mbili ziliweza kubadilishwa kwa dola 65, mimi nipoteze mwaka mzima wa maisha yangu kwa ajili yake?

Nilitaka kwanza nikione chuo kwa macho yangu. Ni zaidi ya saa tatu kwa gari kutoka hapa. Pale mjini kuna makumbusho ya osteopathia, na kibanda cha magogo alimozaliwa Andrew Taylor Still, mwanzilishi wa tiba hii, kimehamishiwa huko kutoka Virginia. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliua watoto watatu wa nyumbani mwake, na yeye mwenyewe akiwa tabibu hakuwa na la kufanya. Dawa za zama zile zilikuwa zebaki, pombe na kumtoa mgonjwa damu. Miaka kumi baadaye, mwaka 1874, alitangaza njia yake, na mwaka 1892 akafungua shule Kirksville. Darasa la kwanza kabisa lilikuwa na wanawake ndani yake.

Kitu kilichonisimamisha mle makumbushoni ni kazi ya wanafunzi wawili ya mwaka 1925. Walichukua maiti moja wakatenganisha mfumo mzima wa neva na nyama, uzi kwa uzi, kwa zaidi ya saa 1,500. Uko pale ukutani: ubongo, uti wa mgongo, na neva zinazoshuka hadi miguuni kama mizizi iliyong'olewa bila kukatika hata mmoja. Nilisimama nikawaza uvumilivu wa vidole vile.

Nakiri kwamba nilikuwa nimeshaviona vidole vya namna hiyo kazini. Kulikuwa na mzee mmoja, dereva wa lori mstaafu, aliyekohoa majuma mawili na kulalamika mgongo. Tulikuwa tukimpa dawa ya maumivu, basi. Daktari wetu aliyekuja asubuhi ile hakusimama mlangoni na karatasi zake. Alikaa kitandani, akapitisha kiganja chini ya mgongo wa mzee, akawa anahesabu mbavu moja moja huku akimwambia avute pumzi. Kwenye ubavu mmoja vidole vikasita. Akarudi juu, akashuka tena, mzee akakunja uso palepale. Daktari akaandika picha ya eksirei, na jioni majibu yakaja: ubavu ulikuwa umevunjika kwa kukohoa. Mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mzee bega. Kwenye kitambulisho cha daktari, baada ya jina, ziliandikwa herufi DO. Nilienda kutafuta maana yake usiku uleule.

Sitetei kila kinachofundishwa kwa jina la osteopathia. Kutibu kwa mikono kuna ushahidi wa kuridhisha kwa maumivu ya chini ya mgongo; lakini ile sehemu ya kubonyezabonyeza fuvu la kichwa ushahidi wake ni hafifu, na nitaisoma kwa sababu iko kwenye mtihani. Ubaguzi nao bado upo. Mwanafunzi wa DO anafanya mitihani yake ya leseni, COMLEX, na akitaka ubingwa wenye ushindani mkali mara nyingi inambidi afanye na USMLE ya wenzake wa MD, yaani malipo mara mbili na usingizi wa kukosa mara mbili. Kijana wako akiwa na ndoto ya upasuaji wa ubongo au magonjwa ya ngozi, hapo naungana nawe kwamba njia ya DO ni nyembamba zaidi, na ana haki ya kuambiwa hivyo mapema. Ila mimi nataka tiba ya ndani, niwahudumie wazee. Tangu Juni 30, 2020 programu za ubingwa za DO na MD ziko chini ya mwamvuli mmoja. Katika mgao wa nafasi za ubingwa wa mwaka 2024, waliokuwa mwaka wa mwisho wa DO walipata nafasi kwa asilimia 92.3, na wa MD wa vyuo vya Marekani asilimia 93.5. Pengo hilo haliwezi kuninyima usingizi.

Kilichoninyima usingizi ni mambo mawili ambayo mezani kwetu hakuna aliyeyataja.

La kwanza ni wodi. Vyuo vingi vya DO havina hospitali yao. Miaka miwili ya mwanzo mnakaa darasani pamoja, miwili ya mwisho mnatawanywa kwenye hospitali za watu. Daktari anaiva katika miaka hiyo miwili. Kile chuo kipya nilikiuliza: mwaka wa tatu nitakuwa hospitali gani, na nani atanifundisha kupokea mgonjwa aliyelazwa usiku? Mtu wa udahili alinijibu kwa upole kwamba mikataba inaendelea kushughulikiwa. Nikauliza tena kwa barua pepe, nikatumiwa kijitabu chenye picha za jengo. Jengo ni zuri kweli. Lakini chuo hicho hakijatoa mhitimu hata mmoja, na ithibati kamili chuo kipya hakipewi mpaka darasa la kwanza lifike mwisho. Kirksville nao watanipeleka mbali, kwa kuwa vituo vyao vimesambaa majimbo mengi, ila wana wahitimu wa zaidi ya miaka 130 ambao unaweza kuwapigia simu. Niliwapigia wanne. Mmoja aliniambia wazi kwamba kituo chake hakikuwa na wagonjwa wa kutosha wa watoto, ikabidi ajitafutie mwezi wa ziada kwingine. Jibu la namna hiyo lilinipa imani kuliko sifa zote.

La pili ni deni. Ada ya vyuo vingi binafsi vya DO imepita dola 60,000 kwa mwaka, kabla hujala wala kulala. Zamani mwanafunzi alikopa serikalini pengo lote. Sheria iliyotiwa saini Julai 4, 2025 imefuta mkopo huo wa kuziba pengo, uitwao Grad PLUS, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026, na kwa masomo kama haya serikali sasa inakopesha mwisho dola 50,000 kwa mwaka, 200,000 kwa jumla. Linalobaki unalitafuta benki, na benki inataka mdhamini. Baba mdogo alikuwa tayari kutia saini kwa kuiweka nyumba yake. Nilikataa, na hapo ndipo tulipogombana kweli, maana aliona namdharau. Nimeomba ufadhili wa National Health Service Corps, mpango wa serikali ya Marekani, ambao unalipa ada na posho, nawe unatumikia eneo lenye uhaba wa madaktari angalau miaka miwili. Ni wa raia tu. Mimi nilikula kiapo cha uraia mwaka jana, hivyo niliweza kuomba. Nikiukosa, akiba yangu ya zamu za usiku itaziba mwaka wa kwanza, na kwa miaka inayofuata nitaomba upya ufadhili wa kila aina.

Mzee wangu, kama kijana wako yuko huku kwa viza ya mwanafunzi, mikopo hii ya serikali na ufadhili huo havimhusu kabisa. Hilo ndilo la kukaa naye chini mkalipigia hesabu, kwa kuwa linaweza kumrudisha nyumbani kabla herufi za DO hazijamdhuru popote. Na kama anakusudia kurudi kufanya kazi nyumbani, aandikie baraza la madaktari la nchi yake sasa hivi, apate jibu la maandishi kuhusu usajili wa DO kabla ya kulipa senti.

Siku ile ya Kirksville, nikiwa kwenye foleni dukani, nilisikia mama akimbembeleza mtoto kwa Kiswahili cha Kongo. Mji ule mdogo una Wakongo wengi waliokuja kwa bahati nasibu ya viza, na wengi wao wanafanya kazi kiwanda cha nyama, mji jirani wa Milan. Tulisalimiana. Akaniuliza nimekuja kazi ya kiwandani? Nikamwambia nimekuja kutazama shule ya udaktari. Akanishika mkono, akaniambia kwamba hospitalini mtoto wake wa miaka tisa ndiye anayemtafsiria.

Nilipomsimulia baba mdogo habari ya mama yule, hakusema kitu. Ijumaa iliyofuata alinipeleka benki mwenyewe, tukalipa amana ya nafasi yangu Kirksville.

Msomaji wako,
St. Louis, Missouri