Asante, fundi uliyeifufua redio ya marehemu baba

Redio ya mkononi aliyotuachia baba ilikuwa imenyamaza. Betri zilivujia ndani, na kila fundi alisema tuitupe. Wewe ulikataa. Uliondoa ule ukoga wa betri za alkali kwa pamba yenye siki kidogo, maana asidi huuyeyusha, ukapangusa kwa spiriti, kisha ukasugua springi taratibu mpaka chuma kikang'aa. Pale pa kuongezea sauti palipokuwa pakikwaruza, ulipulizia dawa ya kusafishia na kuzungusha mara nyingi. Skrubu za koili, yaani nyaya zilizosokotwa za kunasa stesheni, hukuzigusa kabisa, na hapo ndipo nilipoujua ustadi wako: zikichezewa ovyo, stesheni hupotea. Malipo ulikataa. Mama sasa anasikiliza taarifa ya habari kila jioni. Mafundi wengine, tafadhali, fungueni kwanza kabla ya kusema imekufa.