Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: siku ya chanjo ya surua, mama aulizwe

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Busia, upande wa Uganda, mpakani na Kenya. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tunachouziana na kugombana nacho hapa sokoni, na Baraza la Mawaziri lenyewe lilikiridhia kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Mimi ni VHT, yaani mhudumu wa afya wa kijiji. Siku za chanjo napanga foleni, napima uzito, na nawafuata majumbani akina mama ambao hawakufika.

Jambo langu, watoto wanaochelewa kuketi na kutembea, linapita kwenye foleni hiyo hiyo. Mtoto analetwa akiwa na miezi 9 kuchanjwa surua na rubela. Mizani, uzito unaandikwa, sindano, mama anapewa kitabu chake, mwingine aje. Kwamba mtoto huyo hata shingo bado haijakaza, hakuna aliyeuliza. Mama akithubutu kusema, anaambiwa, "Ataketi tu, watoto hawafanani." Akirudi kwa dozi ya pili, miezi 18, mtoto bado yuko mgongoni na jibu ni lile lile, ila safari hii limeongezwa kwamba hata baba yake alichelewa.

Ni kweli watoto hawafanani. Lakini Shirika la Afya Duniani lilishaipima tofauti hiyo: karibu watoto wote wenye afya huwa wanaketi bila kushikiliwa ifikapo miezi 9.2, na wanatembea wenyewe ifikapo miezi 17.6. Sasa tazama ratiba ya chanjo, Mheshimiwa. Miezi 9, miezi 18. Ratiba yetu wenyewe inamleta mtoto kituoni wakati hasa wa kuuliza, na tangu dozi ya pili ianze 2022 anakuja mara mbili.

Basi ombi langu ni kwamba siku hizo mbili, kabla ya sindano, mama aulizwe. Anaketi? Ukimwita anageuka? Anaonyesha kitu kwa kidole? Anatembea? Majibu yaandikwe kitabuni kama uzito unavyoandikwa, na pa kumpeleka pajulikane.

Hapo pa kumpeleka ndipo penye kazi. Sababu nyingi tunazijua: kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, macho ya manjano wiki ya kwanza yakapuuzwa, malaria iliyopanda kichwani, kuzaliwa kabla ya wakati. Mwenye kichwa kinachojaa maji tunajua aende Mbale, hospitali ya CURE, na upasuaji upo. Lakini mwenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioumia mapema hata viungo havimtii, au asiyesikia, au yule tunayeshuku ana usonji, huyo rufaa yake ni maneno matupu: "Nenda hospitali kubwa." Nauli imetoka, biashara ya siku imelala, na huko mama anaweza kuambiwa mtu wa mazoezi hayupo leo. Akirudi hivyo mara moja, kuna wanaomngoja kijijini na kuku wao na hirizi zao, na kwao hakuna foleni.

Niseme zaidi juu ya kulisha, maana hapo ndipo tunapowapoteza. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi hamezi vizuri. Analishwa uji akiwa amelala chali, uji unaingia njia ya hewa, anapata nimonia. Au anakula kidogo mno mpaka anakonda. Analazwa kwa utapiamlo, anapewa maziwa ya tiba, uzito unapanda, kila mtu anafurahi, kisha anarudishwa nyumbani kwa uji ule ule na mlalo ule ule. Mama hajaonyeshwa jinsi ya kumkalisha wima, kichwa kiiname mbele kidogo, kijiko kiwe kidogo, uji uwe mzito kiasi. Haya hayahitaji mashine. Yanahitaji mtu aliyefundishwa, afike kituo cha afya cha ngazi ya nne hata mara moja kwa mwezi, siku inayojulikana na kila mtu.

Tena wazazi wenyewe wanaweza kufundishana. Mradi wa ABAaNA, ulioanzia Kampala, uliwakusanya walezi wa watoto kama hawa katika vikundi, na mmoja wa viongozi wa kikundi ni mzazi ambaye naye analea mtoto mwenye ulemavu. Sisi huku tungefurahi kuviona.

Marekani, chini ya mpango uliotungiwa sheria mwaka 1986, mtoto wa chini ya miaka mitatu akishukiwa kuchelewa, kuna siku 45 za kumpima na kukaa na familia yake kupanga huduma. Sikuombi fedha za Marekani. Naomba na sisi tuwe na hesabu ya siku, hata zikiwa 90.

Najua utaambiwa suala hili si lako peke yako. Sera ya malezi ya watoto wadogo ya 2016 iko Wizara ya Jinsia, shule ziko Elimu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2020 ni ya serikali nzima. Nimekuandikia wewe kwa kuwa foleni ni yako.

Na mafunzo yetu VHT yakipangwa, tafadhali yaje na nauli. Fulana tunazo za kutosha.

Wako,
VHT, Busia