Wahamishaji wa kaseti, tupeni FLAC pamoja na MP3

Mhariri,

Kila suala la kuhamisha kaseti za zamani kuingia kwenye kompyuta likizuka mitandaoni, ubishi huishia palepale: Audacity, ile programu huria ya kurekodia sauti, ni jasusi au si jasusi? Nitalijibu hilo mbele, maana jibu lipo. Lakini uharibifu mkubwa hautendwi na Audacity. Unatendwa vibandani mwetu hapa Mombasa, ambako mtu hupeleka kaseti za harusi, za maulidi au za taarabu ya kina Juma Bhalo na Zuhura Swaleh, akarudishiwa flashi yenye MP3 za kilobiti 128 ambazo tayari “zimesafishwa”. Akifika nyumbani kaseti huzitupa, kwani si zimeshahamishwa? Hapo kilichobaki duniani ni ile MP3.

Ombi langu kwa wanaofanya kazi hii ni moja: mteja apewe faili mbili. MP3 ya kusikiliza garini, na FLAC ghafi (faili la sauti lililobanwa bila kutupa chochote), isiyoguswa, ya kuweka.

Hakuna anayeweza kusema ni ghali. FLAC ni huria tangu ilipotoka mwaka 2001, haina leseni ya kulipia, na Audacity huitoa moja kwa moja. Nafasi nayo si hoja tena. Kaseti ya dakika 60 ikinakiliwa kwa kipimo cha CD, yaani biti 16 na kilohezi 44.1, ni megabaiti 635 hivi. FLAC huibana mpaka nusu yake au zaidi kidogo bila kutupa hata biti moja, na ukiifungua unapata kilekile kilichoingia. MP3 ya kilobiti 128 ni megabaiti 58 tu, lakini tofauti hiyo imepatikana kwa kutupa. Hukata sauti nyembamba kuanzia karibu kilohezi 16, na chini ya hapo hubahatisha kile ambacho sikio halitakikosa. Siichukii MP3. Hataza zake zimekwisha, mpango wa leseni ulifungwa Aprili 2017, na redio nyingi za gari za zamani hazisomi FLAC. Shida ni kwamba kila ukiifungua, ukaikata na kuihifadhi tena kama MP3, inatupa tena. FLAC haina tabia hiyo.

Sasa kazi yenyewe, kwa sababu FLAC ya sauti mbovu ni sauti mbovu iliyohifadhiwa vizuri.

Kabla ya yote, vunja vile vidude viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili isiweze kurekodiwa juu yake kwa bahati mbaya. Kisha itazame kupitia kidirisha chake. Unyevu wa pwani huzaa kuvu, utaiona kama unga mweupe kwenye kingo za ukanda. Kaseti ya namna hiyo usiitie kwenye deki, itaambukiza zote zitakazofuata. Ifungie kwenye kopo pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, kwa siku kadhaa, halafu ipangusie nje ukiwa umefunika pua. Wapo wanaoshauri kaseti iokwe kwenye oveni. Ushauri huo ulitokana na makanda makubwa ya rili yenye ugonjwa wa kunata, na kaseti zetu hazimo humo. Utayeyusha ganda bure. Kaseti iliyosimama miaka mingi ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe nyuma kabla ya kuicheza. Kama kile kisponji kidogo nyuma ya ukanda kimeanguka, hamisha ukanda kwenye ganda jingine lenye skrubu.

Safisha hedi (kile kipande cha deki kinachosoma ukanda) na gurudumu la mpira kwa vijiti vya pamba na spiriti, tena kila baada ya kaseti chache, kwani ukanda wa zamani huacha unga wa kahawia. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi hulipita, nalo ndilo linaloamua zaidi kuliko programu yoyote: mlalo wa hedi. Ukanda una upana wa milimita 3.81 tu na hupita kwa sentimita 4.76 kwa sekunde, kwa hiyo mwinamo mdogo mno wa hedi huzima sauti nyembamba zote. Kaseti iliyorekodiwa kwa deki yenye hedi iliyopinda, ukiicheza kwa deki iliyonyooka, itasikika kama mwimbaji amefunikwa blanketi. Watu husema kaseti imechakaa. Mara nyingi haijachakaa. Pembeni mwa hedi kuna skrubu mbili, na yenye springi ndiyo ya mlalo. Itie alama kwa rangi ya kucha ujue ilikokuwa. Badili usikilizaji uwe mono, cheza sehemu yenye fidla au matari, na uizungushe kwa bisibisi isiyo ya sumaku, robo mzunguko huku na huku, mpaka sauti nyembamba ing'ae kuliko mahali pengine pote. Acha hapo, rekodi, na ukimaliza rudisha kwenye alama. Kila kaseti ina mahali pake. Ukirekodi bila kufanya hivyo, hakuna programu itakayokurudishia kilichopotea, iwe ya bure au ya maelfu ya dola.

Swichi ya Dolby, yaani mfumo wa deki wa kupunguza kelele za ukanda, izimwe isipokuwa kaseti ilirekodiwa nayo. Nakala nyingi za mitaani hazikuwa nayo.

Kuunganisha: tundu la laptopu nyingi za leo ni la maikrofoni, tena ya mono. Ukichomeka deki humo unapata upande mmoja tu, na sauti inapasuka kwa sababu deki hutoa nguvu nyingi kuliko maikrofoni. Tumia kadi ya nje ya USB yenye matundu mawili ya kuingiza laini, nyekundu na nyeupe. Behringer UCA222 inatosha kabisa, na kwenye Linux haidai draiva. Vile vikadi vidogo vya bei ya chini kabisa, vyenye tundu moja lenye alama ya maikrofoni, havitofautiani na laptopu. Na vile vikaseti vya mkononi vya USB vinavyojitangaza kubadili kaseti kuwa MP3 mtu asivinunue: mota zao huyumba, na sauti ya ganuni huyumba nazo.

Kwenye Audacity chagua chaneli mbili. Windows nayo ina tabia ya kuisoma kadi ya USB kama maikrofoni ya chaneli moja, kwa hiyo kaangalie pia kwenye mipangilio ya sauti ya Windows. Kiwango cha sampuli weka kilohezi 44.1 au 48, na kiwe kilekile kwenye programu na kwenye kadi, maana faili la 44.1 likisomwa kama 48 mwimbaji hupanda karibu robo tatu ya toni na kaseti huisha mapema. Kilohezi 96 ni kujaza diski. Kaseti nyingi hazina kitu cha maana juu ya kilohezi 15. Biti 24 zina faida moja tu, kukuruhusu urekodi chini bila wasiwasi, kwa sababu ukanda wenyewe haufiki hata umbali wa desibeli 96 ambao biti 16 hubeba. Basi mwenye kadi ya biti 16 asione haya. Vilele vya sauti viache kwenye desibeli 6 hadi 12 chini ya sifuri. Vikigusa sifuri vimekatika, na kilichokatika hakirudi.

Ukisikia mvumo mzito wa chini usiotoka kwenye kaseti, huo ni umeme wa hezi 50. Chomoa chaja ya laptopu ufanye kazi kwa betri. Mara tisa kwa kumi umeisha.

Rekodi upande A wote kwa mkupuo mmoja, kisha B. Usikate nyimbo wakati huo. Toa FLAC papo hapo, na hapa angalia: Audacity hurekodi ndani yake kwa biti 32 lakini FLAC itatoka kwa biti 16 usipochagua 24 mwenyewe. Baada ya kuitoa ndipo ufungue nakala na ufanye usafi unaoutaka.

Na usafi huo ndio unaonitia hofu. Kifaa cha Audacity cha kupunguza kelele huchukua sampuli ya ile “shhh” ya ukanda na kuipunguza popote kinapoiona. Wengi hukipandisha mpaka desibeli 24 ili mteja asikie “tofauti”. Anachosikia ni tashkota iliyopoteza nyuzi zake ikasalia kama inapigiwa chini ya maji, na makofi ya wanawake yaliyogeuka kuwa mchakacho. Desibeli 6 zinatosha, tena kwenye nakala ya MP3 pekee. “Shhh” ya ukanda sikio huizoea ndani ya dakika moja. Miaka 20 ijayo kutakuwa na vyombo bora vya kuiondoa, ila vitahitaji faili ambalo halijachezewa.

Sasa huo ujasusi. Ukweli ni huu: kampuni ya Muse Group ilichukua Audacity mwaka 2021, na Mei mwaka huohuo likaletwa pendekezo la kuongeza ukusanyaji wa takwimu za matumizi kupitia Google na Yandex. Watu walipinga, likaondolewa kabla halijatoka kwenye toleo lolote. Julai ikaja sera ya faragha iliyoandikwa vibaya, ikazua kelele nyingine, ikarekebishwa. Kilichobaki wakati huo kilikuwa kuangalia kama kuna toleo jipya, jambo unaloweza kulizima, na ripoti za hitilafu ambazo huulizwa kwanza. Walioshtuka walishtuka kwa sababu msimbo uko hadharani na pendekezo lilionekana na yeyote. Kwa programu iliyofungwa tusingejua. Asiyeamini azime wifi, kurekodi kaseti hakuhitaji intaneti hata kidogo. Tahadhari ya kweli ni pa kuipakua: nenda audacityteam.org, au kwenye Linux za Debian na Ubuntu andika, katika dirisha la amri (terminal), sudo apt install audacity flac. Tovuti za kuiga jina hilo ndizo zinazokupa uchafu.

Kosa jingine la vibandani ni kumpa mteja faili la mradi badala ya sauti. Kabla ya toleo la 3.0 la Machi 2021, mradi wa Audacity ulikuwa faili dogo la .aup pamoja na folda ya _data, na sauti yote ilikaa kwenye folda. Wako watu mjini humu wenye flashi za .aup peke yake wakidhani wana kaseti za marehemu baba yao. Hawana kitu. Siku hizi .aup3 hubeba kila kitu ndani yake, lakini bado ni ya Audacity peke yake. FLAC imeandikwa kama kiwango rasmi cha intaneti, RFC 9639 ya Desemba 2024, na mtunzi wa programu yeyote anaweza kuisoma.

Mteja akitumiwa kwa WhatsApp, faili litumwe kama dokyumenti, nalo litafika jinsi lilivyo. Simu za Android hucheza FLAC bila kuongezewa chochote. Majina yawe ya kueleweka, kwa mfano kaseti-014-upande-A.flac, pamoja na picha ya karatasi ya jalada yenye mwandiko wa mwenyewe, kwa kuwa humo ndimo mlimo jina la bibi harusi na mwaka.

Mwisho, kabla kaseti haijaondoka mkononi mwa mtu yeyote, andika katika dirisha lile la amri flac -t na jina la faili. FLAC hubeba ndani yake alama ya kuhakiki sauti yote tangu ilipoandikwa. Ikijibu ok, faili ni zima. Ikitoa kosa, flashi imeliharibu, na kaseti bado iko mezani. Fanya hivyo kwenye nakala iliyo katika flashi ya mteja, si ile ya kwenye kompyuta yako.

Fundi wa sauti,
Kibokoni, Mombasa