Mvinyo Mkavu Si Mvinyo Uliochacha

Kila baada ya siku chache mteja hurudi dukani kwetu hapa Dodoma na chupa iliyofunguliwa: "Mmeniuzia mvinyo uliochacha." Tunaunusa, tunauonja. Mzima kabisa. Ila kwenye lebo pameandikwa "Dry", yaani mkavu, na sisi tuliomuuzia hatukumweleza maana yake. Hilo ni kosa letu, na ndilo lililotufanya tuandike haya.

Zabibu zikishapondwa, hamira hula sukari ya juisi na kuigeuza kilevi. Ikiila karibu yote, mvinyo huwa mkavu. Kwa kanuni za Umoja wa Ulaya, mvinyo mkavu kwa kawaida hauzidi gramu 4 za sukari kwa lita; mtamu huanzia gramu 45. Kwa chupa ya mililita 750, mmoja una sukari isiyojaa kijiko cha chai, mwingine una vijiko vinane hivi. Aliyezoea mtamu lazima ashtuke. Anayeanza tunampa kwanza "Semi-sweet", ulio katikati.

Halafu kuna tanini. Umewahi kung'ata bibo au ndizi mbichi, ulimi na fizi vikakauka? Ukakasi ule ndio tanini, nayo hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, ndiyo maana hukakasa kuliko mweupe. Ukavu ni habari ya sukari, ukakasi ni habari ya maganda; kwa hiyo hata mwekundu mtamu waweza kukukausha mdomo. Unywe na nyama choma yenye mafuta, utaona ulivyolainika.

Kwa mvinyo wa mapovu, angalia sana: "Extra Dry", yaani "mkavu zaidi", una sukari zaidi ya "Brut", lebo nyingine ya mvinyo mkavu wa mapovu. Jina linapotosha, lakini ndivyo ulivyo.

Mwaka ulioandikwa kwenye chupa ni wa kuvuna zabibu, si wa kwisha muda. Hapa kwetu mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, hivyo mwaka peke yake haukwambii ni mavuno yapi.

Na ulioharibika kweli? Hunuka siki, au hunuka kama boksi la karatasi lililolowa maji. Harufu hii ya pili mara nyingi huletwa na kizibo. Chupa ya namna hiyo usiimwage. Ilete, tukubadilishie.