Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka wa Kofia ya Buli

Ndugu wanachama,

Mambo ya kawaida nayapitia haraka. Ada zimelipwa na walio wengi. Wenye madeni mnajijua, na mweka hazina anawajua pia. Hesabu atazisoma mwenyewe. Nafasi ya katibu bado iko wazi. Yaliyobaki nayaelekeza kwenye kazi iliyotushughulisha kuliko zote: kubuni kofia ya buli ya Pasaka, yaani vazi la kuvika buli ili chai isipoe, ya kufuma, yenye kuchekesha.

Kamati ilianza kwa kugawanyika. Kundi moja lilishikilia sungura, na halikukosa hoja: tabibu wa Ujerumani, Georg Franck von Franckenau, aliandika habari za sungura wa mayai ya Pasaka tangu mwaka 1682. Lakini masikio! Masikio ya sufu hayasimami bila kutiwa waya, na waya wa chuma ndani ya kitu kinachofuliwa hushika kutu. Sungura wa kwanza kuletwa mezani aliinamisha sikio mbele ya mdomo wa buli, chai yote ikapitia humo. Waliotaka mwanakondoo walikuwa na sababu nzito zaidi ya kidini, ila manyoya yake ya vitanzi virefu hunywa chai na hayakauki upesi.

Aliyeshinda ni kuku anayeatamia, na siwafichi kwamba nilimpigia debe. Buli lenyewe tayari lina umbo la kuku. Mkia unakaa upande wa mkono, kifua upande wa mdomo, na kilemba chekundu kiko juu kabisa, ndicho unachoshika ukitaka kuvua kofia. Chini ya bawa kuna mfuko mdogo ambamo mayai matatu ya rangi yanachungulia. Mayai hayo yana haki ya kuwapo: zamani Wakristo wengi hawakula mayai wakati wa Kwaresima, kuku nao hawakuacha kutaga, basi Pasaka ikifika yamejaa tele.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo tulipogombana kweli. Kofia nyingi zilizopwaya zilitoka kwa waliopima buli kwa macho. Fuma kwanza kipande cha majaribio, uhesabu vitanzi vilivyomo ndani ya sentimita 10. Ukipata 18, na buli lina mzingo wa sentimita 50 bila mkono wala mdomo, hesabu inadai vitanzi 90. Sisi tunashusha hadi 80, yaani 40 kila upande, ili kofia ikumbatie. Joto hutunzwa na hewa iliyonaswa kati ya nyuzi. Kofia ikipwaya, hewa hiyo inatoka na chai inapoa huku kuku akipendeza tu. Pande mbili zinafumwa mbalimbali, kisha zinashonwa chini na juu ya mkono, vivyo hivyo kwenye mdomo, ili chai imiminwe bila kumvua kuku.

Uzi uliopitishwa ni wa sufu. Nyuzi za plastiki huyeyuka zikigusa jiko, na pamba haivutiki vya kutosha. Ifuliwe kwa maji baridi, bila kusuguliwa, la sivyo itaganda na kusinyaa mpaka itoshe kikombe. Wapo wanaolalamika kwamba sufu inawasha, buli halijalalamika.

Maelekezo ya kufuma tuliyoyaandika yalitusumbua. Yalisema vitanzi vya bawa vipunguzwe kila safu ya pili, bila kutaja ni ukingo upi, na kuku kadhaa wakatokea na bawa la kushoto linalotazama nyuma. Kuanzia sasa hakuna mchoro utakaogawiwa kabla haujafumwa na mtu ambaye hakuuandika.

Pasaka ya 2026 ilikuwa tarehe 5 Aprili. Ya 2027 ni 28 Machi, kwa hiyo muda umepungua. Michoro mipya iifikie kamati kabla Januari haijaisha. Wa sungura mnakaribishwa tena, bila waya.

Mwenyekiti