Kabla Hujalipia Domeni, Uliza Jina Ni la Nani

Sisi husajili domeni, yaani anwani za tovuti, na ujumbe wa aina hii hutufikia mara kwa mara: "Nimeangalia, jina lenye Toyota na spares liko wazi. Nisajilieni leo kabla mtu hajalichukua." Mwenye kuandika huwa ni muuza vipuri wa Kirinyaga Road, Nairobi, mtu wa kazi halali kabisa, na hushangaa tukimwomba asubiri kidogo.

Mfumo wa kusajili domeni hutazama jambo moja tu: je, jina limeshachukuliwa? Kama bado, unalipa na unapewa. Hata .ke, domeni ya Kenya inayosimamiwa na shirika la KeNIC, anayetangulia ndiye anayepewa. Hakuna anayekuchungulilia daftari la alama za biashara, yaani majina na nembo zinazotambulisha bidhaa au huduma za mtu.

Cheti cha jina la biashara ulichopata eCitizen nacho hakikukingi. Alama ya biashara husajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali za ubunifu wa viwanda, kule South C, kwa makundi 45: 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Ndiyo maana kiwanda cha rangi na saluni vinaweza kutumia jina moja bila kugombana. Ila kwa majina yanayojulikana na kila mtu, kama Toyota au M-Pesa, usijifiche nyuma ya makundi.

Kwa .com, mwenye alama halazimiki kwenda mahakamani. Tangu 1999 kuna utaratibu wa kutatua migogoro ya domeni uitwao UDRP, na kesi nyingi husikilizwa na WIPO, Shirika la Dunia la Haki Miliki, Geneva. Anatakiwa kuthibitisha mambo matatu: domeni yako inafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, huna haki wala maslahi halali katika jina hilo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Akishinda, domeni inafutwa au anakabidhiwa yeye. Pesa uliyolipia domeni ni ndogo. Kinachouma ni kadi, stika na maandishi ya ubavuni mwa gari. Na wale wanaosajili jina la kampuni kubwa wakitumaini kuiuzia kwa bei ya kuruka, barua pepe yao ya kuomba pesa ndiyo huwa ushahidi wa nia mbaya.

Turudi kwa muuza vipuri wetu. Uamuzi wa UDRP wa mwaka 2001, wa kesi ya Oki Data, uliwaachia wauzaji mlango: unaweza kuweka alama ya mwingine kwenye domeni ikiwa kweli unauza bidhaa zake, tovuti haina bidhaa za chapa nyingine, unaeleza wazi uhusiano wenu, na hujazoa domeni zote za jina hilo. Tovuti inayouza pia vipuri vya Nissan na Mazda imeshakosa sharti la pili. Sisi tungemshauri atumie jina lake mwenyewe, kisha ndani ya ukurasa aandike "tunauza vipuri vya Toyota". Hapo anaeleza kazi yake tu.

Kusaka si kazi kubwa. Anza na Google, kisha hazina ya alama ya WIPO, Global Brand Database, ambayo ni ya bure. Jaribu na tahajia zinazotamkwa vilevile: K badala ya C, S badala ya Z. Halafu omba KIPI wakufanyie upekuzi rasmi kwa ada.

Ukitutumia jina, taja na unachouza. Tutalipitisha kwenye hatua hizo mbili za mwanzo kabla ya kukutumia bili, na likiwa na utata tutakuelekeza kwa wakili wa alama za biashara.