Pauni 240 za Kumwandaa Paka wa Onyesho Zinakwenda Wapi

Wiki hii imeingia tena ile lawama niliyoizoea. Mteja ameniandikia kwamba amenilipa pauni 240, paka wake wa Kiajemi ametoka saluni kwangu akimeremeta, na bado jaji wa onyesho la paka amemnyima cheti cha ushindi. Anataka arudishiwe nusu. Aliyelalamika kabla yake alitaka zote. Nimemjibu kwa heshima, pesa sikurudisha, na sasa naandika kwa ajili ya wote wanaofikiri kwamba wakilipia maandalizi wamelipia ushindi.

Paka huyo ana kifundo kwenye ncha ya mkia. Nilikigusa siku ya kwanza alipoletwa, nikamshikisha mwenyewe kwa kidole, nikakiandika kwenye kadi ya paka. Nilimwambia wazi: huyu ni mzuri, lakini jaji wa paka wa nasaba akikipata kifundo hiki atazuia cheti. Aliniambia niendelee tu, labda hatakiona. Majaji hawatumii macho peke yake. Wanapitisha vidole kuanzia kwenye shina la mkia hadi ncha, kila paka, kila mara. Mfupa uliopinda hauoshwi kwa shampuu wala haunyooshwi kwa kitana.

Wengi wetu tuliohamia hapa Uingereza tumekua na paka uani, wa kufukuza panya na kula vichwa vya samaki. Kwa hiyo naelewa mtu akifikiri onyesho la paka ni mashindano ya urembo tu. Hapa jambo hili lina mizizi. Onyesho kubwa la kwanza Harrison Weir aliliandaa Crystal Palace, London, tarehe 13 Julai 1871, na tangu mwaka 1910 kuna GCCF, baraza la wafugaji wa paka wa Uingereza, inayosajili paka na kutoa leseni za maonyesho. Kila nasaba ina vipimo vyake vilivyoandikwa, alama 100 kwa jumla, zikagawiwa kichwa, masikio, macho, mwili, miguu, mkia, rangi na manyoya. Mimi kazi yangu ni manyoya, ngozi, kucha, macho na masikio yawe safi, na paka akubali kushikwa na mtu asiyemjua. Umbo la pua alilirithi kwa mama yake.

Na hata akishinda, hapati fedha. Anapata rozeti, yaani ua la utepe, na cheti, na akikusanya vyeti vitatu kutoka kwa majaji watatu tofauti anapewa jina la bingwa. Nalisema hili kwa sababu wapo waliokuja kwangu wakitarajia zawadi ya kulipia kodi ya nyumba.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe, maana swali la pili ninaloulizwa ni hili: “Dada, kumwosha paka tu, pauni 240?”

Paka wa Kiajemi namwanza wiki sita kabla ya onyesho. Siku ya kwanza simwoshi. Namchana, namkagua ngozi, natafuta vinyesi vya viroboto, vile vidoa vyeusi ambavyo ukivilaza juu ya pamba yenye maji vinaacha alama nyekundu. Naangalia masikio kama yana uchafu mweusi wa chengachenga, dalili ya utitiri. Naangalia kama kuna mabaka ya duara yaliyonyonyoka, kwa sababu choa humwambukiza paka mwingine na mtu pia. Nikiona lolote kati ya hayo namrudisha kwa daktari wa wanyama kabla hajagusa meza yangu tena. Wateja hukasirika hapo. Lakini mlangoni kwenye onyesho paka hukaguliwa, na mwenye viroboto au choa anarudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, na ada ya kuingia hairudi.

Siku ya kuosha, kitana kwanza, kabla ya tone la maji. Fundo la manyoya likilowa hukaza, na ukilikausha likiwa limekaza hulitoi tena bila mkasi. Nikimaliza kuchana naanzia shina la mkia. Pale pana tezi za mafuta, na kwa dume asiyehasiwa mafuta hutoka mengi mpaka manyoya yanagandamana na kugeuka kahawia. Sabuni ya kuondoa mafuta naipaka pakiwa bado pakavu, nasugua kwa ncha za vidole mpaka manyoya yaanze kuachana, ndipo naleta maji ya vuguvugu. Maji ya kwanza hutoka ya kijivu hata kwa paka ambaye mwenyewe anaapa kwamba ni msafi. Kisha shampuu mara mbili, na kusuuza mpaka nikibana manyoya kati ya vidole yatoe mlio. Yasipolia, sabuni ipo, na sabuni iliyobaki hufanya manyoya yalale na kuwasha ngozi.

Kukausha ndiko kunakokula muda. Mtu anaona mashine ya upepo anadhani ni dakika kumi. Manyoya ya Kiajemi unayainua kwa kitana, msitari baada ya msitari, upepo ukifuata kitana kutoka kwenye ngozi kwenda nje. Chini ya kwapa, tumboni na kwenye ule ukosi wa shingo ukiacha unyevu kidogo tu, kesho yake pamejikunja. Saa mbili zinapita hapo, wakati mwingine tatu, na paka akichoka napumzika naye. Simfungi wala simbani. Macho nayafuta kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, kila siku anapokuwa kwangu, na mwenye paka anaendelea nyumbani, kwa sababu machozi ya Kiajemi yakiachwa siku chache huacha michirizi ya kahawia ambayo haitoki asubuhi ya onyesho.

Zoezi hili linarudiwa katika wiki hizo sita, na kuosha kwa mwisho ni siku moja au mbili kabla ya onyesho. Paka wa manyoya mafupi ni habari nyingine. Siamese namwosha wiki nzima kabla, ili mafuta yake ya asili yarudi na manyoya yalale mwilini, na siku za mwisho namfuta kwa kipande cha ngozi laini tu. Mweusi wa manyoya mafupi huwa simwoshi kwa maji hata kidogo. Natumia pumba za ngano zilizopashwa moto kidogo, nazisugua kwenye manyoya, kisha nazitoa zote kwa brashi, na mafuta yanatoka nazo. Waingereza wa zamani walifanya hivyo na mimi nimeona matokeo yake, rangi inakuwa nzito na safi. Hawa bei yao ni ndogo zaidi, muulizeni yeyote aliyeleta.

Njia za mkato ndizo zinazoniumiza, kwa sababu mwisho wake namwona mimi.

Poda kwanza. Ni kweli wafugaji wa Kiajemi hutumia poda kufungua manyoya, lakini hutumiwa siku kadhaa kabla na kuchanwa mpaka itoke yote. Mama mmoja alimchukua paka wake kwangu Ijumaa, safi, akasafiri naye, paka akadondosha mate kifuani ndani ya gari. Asubuhi, pale pale kwenye maegesho, akampaka poda ya mtoto na konfulawa ili pakauke. Jaji alipofungua manyoya ya kifua, poda ikadondoka juu ya meza. Kanuni ziko wazi: poda ikikutwa kwenye manyoya, paka anaondolewa. Angenipigia simu ningemwambia alowanishe kitambaa kwa maji, afute, akaushe kwa taulo na kuchana. Ni kazi ya dakika chache, haina gharama.

Pili, mkasi. Ngozi ya paka ni nyembamba na inavutika, na fundo linapokaza huivuta ngozi ndani yake. Unadhani unakata manyoya, kumbe umeingia kwenye kwapa. Nimeletewa paka amefungwa kitambaa cha jikoni, jeraha limefunguka upana wa vidole viwili, na mwenye paka anatetemeka kuliko paka. Daktari alimshona, na gharama yake ilizidi kifurushi changu chote. Hata asipojeruhiwa, manyoya marefu yaliyokatwa huchukua miezi kurudi. Msimu umekwisha hapo. Fundo likitokea, niletee. Nalifungua kwa unga wa kulainisha na vidole, kutoka kwenye ncha kwenda kwenye ngozi, taratibu, hata kama ni jioni nzima.

Lakini iliyo mbaya kuliko zote ni dawa ya viroboto ya mbwa. Naomba hapa msome polepole. Dawa nyingi za matone za mbwa zina permethrini, kemikali ya kuua wadudu inayoandikwa permethrin kwenye pakiti. Mbwa anaihimili, lakini ini la paka halina uwezo wa kuivunja, kwa hiyo inabaki mwilini na kushambulia neva. Kijana mmoja wa Luton, mtu mwema anayewapenda wanyama wake, alikuwa na bomba la matone la mbwa mkubwa, akaona akiligawa mara mbili litamtosha paka, aokoe pauni chache kabla ya onyesho la Jumamosi. Usiku ule paka akaanza kutetemeka masikio, kisha miguu, kisha mwili wote ukaingia degedege. Alinipigia simu saa tano usiku. Nilimwambia asipoteze hata dakika, aende kliniki ya dharura na achukue pakiti ya dawa mkononi. Paka alipona baada ya siku kadhaa za kulazwa. Bili yake sitaitaja hapa, lakini ingetosha kumwandaa paka kwa maonyesho ya mwaka mzima. Ukiwa na mbwa na paka nyumba moja, hata mbwa aliyepakwa dawa hiyo umtenge na paka mpaka ikauke kabisa. Mafuta ya mti wa Australia unaoitwa tea tree nayo ni sumu kwa paka, hata kama yameandikwa kuwa ni ya asili.

Kuhusu makaratasi, mimi nasaidia kujaza fomu bila malipo ya ziada, ila niletewe mapema, kwa sababu maingizo hufungwa wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe. Paka wa nasaba lazima awe amesajiliwa na jina la mmiliki liwe lako. Cheti cha chanjo ya mafua ya paka na homa ya utumbo kiwe hai. Mtoto wa paka anaruhusiwa kuanzia wiki 14, na akifika miezi 9 anaingia kwa wakubwa. Kucha zikatwe, sehemu nyeupe tu, usifike kwenye ile ya waridi yenye damu. Kwenye maonyesho ya mtindo wa zamani kila kitu ndani ya kizimba ni cheupe: blanketi, sinia la choo, bakuli la maji. Maana yake jaji asijue paka ni wa nani, na ndiyo sababu wenye paka hutolewa ukumbini wakati wa kuamua. Blanketi la rangi ya krimu si jeupe, nimeshawaona waliokwenda kununua jingine mbio mbio kwenye meza za wauzaji kwa bei ya kuumiza.

Huwa naulizwa pia na ndugu zetu wa Pwani juu ya paka aina ya Sokoke. Ndiyo, ni nasaba inayotambuliwa, na asili yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, Kilifi. Jeni Slater, mkazi wa Kenya, aliwaokota watoto wa paka hao karibu na Watamu mwaka 1978, wengine wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 FIFe, shirikisho la kimataifa la wafugaji wa paka, likawatambua. Lakini paka wako wa mabaka uliyemleta kutoka Malindi bila hati ya ukoo hawezi kuingizwa kama Sokoke, hata akifanana vipi. Muingize daraja la paka wa nyumbani. Huko hakuna vipimo vya nasaba, jaji anaangalia afya, usafi, tabia na mvuto, na mkubwa anatakiwa awe amehasiwa tu. Nina paka wa mitaani wa Mombasa niliyemwandaa akarudi na rozeti nyekundu, na mwenyewe, bibi wa makamo, alilia ukumbini. Hata ule mkia wenye kifundo hauzuii kitu katika daraja hilo. Mteja wangu wa wiki hii nilimshauri hivyo hivyo tangu mwanzo, na ushauri huo bado uko mezani.

Basi bei. Pauni 240 ni wiki sita za Kiajemi: ukaguzi, kuosha mara tatu na kukausha, kucha, masikio, mazoezi ya kushikwa mezani, fomu, na simu zenu za usiku. Kuosha mara moja bila maandalizi ni pauni 85. Manyoya mafupi ni pauni 60. Anayesema kuna mahali wanaosha kwa 30, nami najua, na paka waliotoka huko wakiwa na unyevu tumboni nimewakausha upya mimi.

Kwa maonyesho ya vuli, leta paka sasa, akiwa ndani ya sanduku la kubebea lenye mfuniko imara, na cheti cha chanjo. Usimwoshe kabla ya kuja. Nataka kuona manyoya yalivyo. Amana ni pauni 50, na kama siku ya kwanza nikiona dosari itakayomnyima cheti, nitakwambia hapo hapo, tutaiandika kwenye kadi na utatia sahihi, na ukiamua kuacha amana unarudishiwa yote.